Jina, Kielelezo na Aliyejibu: Kuzisoma Karatasi za Wakusanyaji wa Viumbe wa Pwani kama Matini za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki karatasi za watafiti wa viumbe na wakusanyaji wa vielelezo waliofanya kazi katika pwani ya Afrika Mashariki tangu miaka ya 1840 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Karatasi hizo, yaani daftari za safari, barua, orodha za maneno na lebo za vielelezo, zimesomwa zaidi na wanahistoria wa sayansi na wa ukoloni, ilhali wataalamu wa Kiswahili wamezigusa kwa nadra. Tunadai kwamba ndani yake mna matini za Kiswahili zenye msemaji asiyetajwa, na kwamba msemaji huyo alitoa uainishaji na hoja pamoja na majina. Kwa kutumia mifano ya sandarusi, kima punju, changu na mikoko, makala yanaonyesha namna usomaji huo unavyoweza kufanyika, mashaka yanayouzunguka, na faida yake kwa leksikografia ya Kiswahili, ambayo hadi leo inaridhika na fasili ya "aina ya mti".

1.0 Utangulizi

Msomaji anayetafuta jina la mti wa porini katika kamusi zetu za lugha moja, kuanzia Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 hadi zilizoifuata, hukutana mara nyingi na fasili ya maneno matatu: aina ya mti. Akitafuta jina la kiumbe wa baharini, huambiwa kwamba ni aina ya samaki. Fasili hizo hazina uongo, lakini hazimwongezei msomaji kitu. Ngeli ya neno ilikwisha kumdokezea habari ya mti, na muuzaji sokoni alikwisha kumwonyesha kwamba ni samaki. Anachotaka kujua ni mti upi na samaki yupi, na hapo ndipo kamusi inaponyamaza.

Ukimya huo hautokani na upungufu wa maarifa katika jamii ya Waswahili. Mkata boriti hawezi kufanya kazi yake bila kutofautisha mkandaa na msinzi, na mganga akichanganya mizizi ya miti miwili anahatarisha uhai wa mtu. Wala hautokani na kukosekana kwa maandishi. Majina mengi ambayo kamusi zetu zinayafasili kwa maneno matatu yamelala kwa zaidi ya karne moja katika makabati ya London, Paris na Nairobi, yakiwa yamebandikwa kwenye karatasi moja na jani, ua au tunda la mti wenyewe, pamoja na tarehe na mahali ulipochumwa. Hakuna kamusi yenye ushahidi wa aina hiyo.

Dai la makala haya ni kwamba karatasi hizo ni sehemu ya kumbukumbu ya maandishi ya Kiswahili na zinastahili uhakiki wa kimatini kama tunavyozihakiki tenzi na barua za kale. Kwa muda mrefu tumewaachia wengine kazi hiyo. Mwanahistoria huzisoma ili amwelewe mtawala aliyeziandika. Mtaalamu wa mimea huzisoma ili apate tarehe na mahali. Sauti ya tatu, ya yule aliyeulizwa jina akajibu, haimhusu yeyote kati ya hao wawili. Inatuhusu sisi.

2.0 Wakusanyaji na Karatasi Zao

Tuanze na Wilhelm Peters, Mjerumani aliyesafiri katika pwani ya Msumbiji katika miaka ya 1840 na ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi wa Makumbusho ya Zuolojia ya Berlin. Peters alikwenda kukusanya wanyama, samaki na mimea, na matokeo ya safari yake yalichapishwa kwa sehemu kwa miaka mingi. Lakini alirudi pia na miswada ya maneno. Miswada hiyo ilikabidhiwa Wilhelm Bleek, na mwaka 1856 ikachapishwa London kwa jina la The Languages of Mosambique, ikiwa na msamiati wa lugha za pwani na bonde la Zambezi, kuanzia Lourenço Marques hadi Rasi Delgado, pamoja na Anjouan katika visiwa vya Ngazija. Bleek ndiye mtaalamu aliyekuja kulijulisha neno Bantu katika isimu. Kwa hiyo mojawapo ya mizizi ya isimu linganishi ya lugha zetu imo ndani ya daftari za mtaalamu wa wanyama, na wanafunzi wetu wa uzamili hufundishwa habari za Bleek bila kuambiwa habari za daftari hizo.

Wa pili ni John Kirk. Baada ya kushiriki katika msafara wa David Livingstone wa Zambezi wa mwaka 1858 hadi 1863 akiwa daktari na mtaalamu wa mimea, alifika Unguja mwaka 1866, akapanda cheo hadi kuwa balozi mkuu wa Uingereza. Wengi wetu tunamjua kwa mkataba wa mwaka 1873 uliomlazimisha Sultani Barghash kufunga soko la watumwa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba katika miaka hiyohiyo alikuwa akipeleka mimea, mbegu na barua katika bustani ya Kew, na wanyama katika makumbusho ya London. Karatasi zake zimegawanyika: nyingine zimo katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, nyingine Kew.

Wa tatu ni Johann Maria Hildebrandt, aliyekusanya Unguja, Mombasa na bara yake katika miaka ya 1870 kabla ya kufariki Antananarivo mwaka 1881. Wa nne ni Walter von Saint Paul-Illaire, ambaye kisa chake kinaonyesha wazi mkanganyiko tunaouzungumzia. Mwaka 1890 alichapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili katika mfululizo wa Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin. Muda mfupi baadaye akawa mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, na kutoka Usambara ikapelekwa Ulaya mimea midogo ya maua ya zambarau ambayo Hermann Wendland aliipa jina la Saintpaulia ionantha mwaka 1893. Leo ua hilo linauzwa katika vyungu duniani kote. Mtu aliyejua Kiswahili kiasi cha kukiandikia kitabu aliingiza jina lake mwenyewe katika sayansi, na hakuna neno la watu wa Usambara wala la Waswahili wa Tanga lililofuatana nalo.

Kwa upande wa hifadhi, habari ni za hasara na za bahati pia. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, hebaria ya Berlin, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iliteketea kwa mabomu, na sehemu kubwa ya vielelezo vilivyotoka Afrika Mashariki chini ya Wajerumani ikapotea pamoja na lebo zake. Kilichobaki ni nakala zilizokuwa zimegawiwa kwa hifadhi nyingine. Katika Usambara, taasisi ya Amani iliyoanzishwa mwaka 1902 chini ya uongozi wa Franz Stuhlmann ilikuwa na hebaria yake, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikahamishiwa Nairobi. Kutoka Amani ndiko P. J. Greenway alikotoa kamusi yake ya majina ya mimea mwaka 1937, inayooanisha jina la Kiswahili na la kisayansi. Kamusi hiyo ingalipaswa kuwa msingi wa kila kamusi iliyofuata. Badala yake imekuwa kitabu cha mabwana shamba na mabwana misitu.

3.0 Lebo: Matini ya Sauti Mbili

Lebo ya hebaria ni matini fupi mno. Kwa kawaida huwa na jina la kisayansi, jina la mkusanyaji, namba, mahali, tarehe, neno moja au mawili kuhusu udongo au kimo cha mti, na mara kwa mara jina la wenyeji. Kila kipengele kina mwenyewe. Jina la kisayansi ni la mtaalamu aliyeko mbali, ambaye pengine hakuwahi kuuona mti ukiwa hai. Namba na tarehe ni za mkusanyaji. Jina la wenyeji ni la mtu wa tatu, na huyo ndiye pekee asiye na nafasi ya kuandikiwa jina lake.

Mhakiki wa fasihi atatambua hali hii. Tunazo matini nyingi ambazo mwandikaji si msemaji, na tumejifunza kuuliza ni nani anayenena nyuma ya mkono unaoandika. Linganisha lebo hizo na kazi zilizotoka katika mazingira yayo hayo ya Kijerumani. Mwaka 1903 Carl Velten alichapisha Desturi za Wasuaheli, na ndani yake tunalipata jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeandika sehemu kubwa ya maelezo yake. Tunaweza kubishana kuhusu mkono wa Velten katika kuhariri, lakini mjadala wenyewe unawezekana kwa sababu kuna mtu wa kumjadili. Katika lebo ya mmea uliochumwa mwendo wa siku moja kutoka Bagamoyo, mjadala huo hauna pa kuanzia. Mtoro alihesabiwa kuwa mjuzi wa desturi. Aliyeujua mti alihesabiwa kuwa sehemu ya mandhari ya mti.

Hata hivyo lebo ina sifa moja ambayo Desturi za Wasuaheli haina. Inabeba kitu chenyewe. Neno na kirejelewa chake vimeshonwa pamoja kwenye karatasi moja. Katika semantiki tunazoea kusikitika kwamba kirejelewa kimepotea: hatujui kwa yakini ni kitambaa kipi kilichokusudiwa na neno fulani la utenzi wa kale. Hapa kitambaa chenyewe kipo. Zaidi ya hayo, majina ya kisayansi hubadilika kadiri wataalamu wanavyobadili mawazo, na karatasi moja huweza kubandikwa vijikaratasi kadhaa vya masahihisho. Msandarusi umewahi kuitwa kwa majina zaidi ya moja ya jenasi Trachylobium, na sasa unaitwa Hymenaea verrucosa. Katika mabadiliko hayo yote, watu wa Mrima wameendelea kuuita msandarusi.

4.0 Sandarusi: Uainishaji Uliomo Ndani ya Jina

Mfano wa sandarusi unaonyesha kwamba msemaji asiyetajwa alitoa zaidi ya jina. Katika karne ya 19 sandarusi ilikuwa mojawapo ya bidhaa kuu za Unguja. Ilichimbwa ardhini katika pwani ya Mrima, ikapelekwa Unguja, na kutoka huko ikanunuliwa kwa ajili ya vanishi na wafanyabiashara wa Ulaya na wa Salem, Marekani. Swali lililowasumbua wataalamu wa mimea lilikuwa hili: je, sandarusi inayochimbwa mahali pasipo na mti wowote ni utomvu wa msandarusi uliopo leo, au ni wa mti mwingine uliokwisha kutoweka?

Kirk alilishughulikia swali hilo mwishoni mwa miaka ya 1860 na kupeleka majibu yake kwa jumuiya ya Linnean ya London. Alionyesha kwamba majani na maua yaliyonaswa ndani ya sandarusi ya kuchimbwa yanafanana na ya mti unaoota pwani hadi sasa. Katika maelezo yake alitofautisha aina tatu kwa maneno aliyoyapata hapahapa: sandarusi ya mti, inayotoka moja kwa moja kwenye gome, chakazi, inayopatikana ardhini karibu na miti na ambayo haijakomaa, na sandarusi yenyewe, iliyolala ardhini kwa muda mrefu na yenye thamani kuliko zote.

Tuyatazame majina hayo kama wanaisimu. Katika sandarusi ya mti, nomino kuu ni ileile ya bidhaa iliyokomaa, na kirai cha uhusiano kinaeleza inakotoka. Chakazi hutajwa kwa hali ya kutokomaa, na kitu hakiwezi kuwa kichanga isipokuwa kuna kilichokomaa ambacho kinaelekea kuwa. Na jina la mti, msandarusi, limetokana na jina la bidhaa kwa kiambishi cha ngeli. Msamiati huu wote unachukulia kwamba kuna kitu kimoja katika umri tofauti, na kwamba chanzo chake ni mti mmoja unaojulikana. Kwa maneno mengine, jibu ambalo jumuiya ya Linnean ilipelekewa kama ugunduzi lilikuwa limekwisha kusemwa kila siku na wachimbaji na madalali, ndani ya sarufi ya majina yao. Hatusemi kwamba Kirk hakufanya kazi. Alitoa uthibitisho wa aina ambayo wachimbaji hawakuuhitaji, kwa kuwa wao waliujua mti na shimo pia. Tunachosema ni kwamba dhana aliyoithibitisha ilikuwa na wenyewe, na wenyewe hawamo katika historia ya dhana hiyo.

Neno chakazi lina kisa kingine cha kutufundisha. Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860 kuhusu nchi za maziwa, anaeleza kwamba wafanyabiashara wa Unguja waliligeuza kuwa jackass, neno la Kiingereza la punda dume. Bidhaa ikawa na jina la kudharauliwa katika masoko ya mbali kwa sababu ya sikio lililosikia lugha yake yenyewe ndani ya lugha ya wengine. Mabadiliko ya aina hii ni ya kawaida katika ukopaji wa maneno. Lakini hapa yanatuonya pia kuhusu kila neno lililoandikwa na mgeni: tunalosoma katika daftari limepita kwanza katika sikio ambalo si letu.

5.0 Majina Yaliyopita na Majina Yaliyozuiwa

Huenda msomaji akadhani kwamba kufutwa kwa jina la wenyeji kulikuwa jambo lisiloepukika katika sayansi ya wakati ule. Ushahidi wa Bahari ya Shamu unakanusha. Peter Forsskål, aliyekuwa katika msafara wa Kidenmaki uliokwenda Uarabuni, alifariki Yemen mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa na mwenzake Carsten Niebuhr mwaka 1775. Forsskål aliwapa samaki wengi majina ya kisayansi kutokana na majina ya Kiarabu aliyoyasikia: harak, bohar, sohal na mengine. Majina hayo yanatumika hadi leo.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo kwetu. Samaki wa jamii ya changu aitwaye Lethrinus harak huvuliwa kila siku katika maji yetu. Jina lake la kisayansi ni neno la wavuvi wa Kiarabu wa bahari nyingine, karne moja kabla ya Kirk. Basi mlango ulikuwa wazi. Kanuni za Kilatini hazikuufunga. Lakini katika pwani yetu wakati wa mabalozi na makampuni, majina yaliyoingia kwa wingi yalikuwa ya watu. Kima wa Unguja aliitwa kirkii na John Edward Gray mwaka 1868, kutokana na vielelezo vilivyopelekwa na Kirk. Mtapo wa pwani ukaitwa Encephalartos hildebrandtii. Mimea na wanyama kadhaa wakapewa petersi, petersiana na stuhlmannii.

Mwanaisimu hapaswi kuishia kulalamika juu ya hili. Afadhali aulize kila jina linahifadhi nini. Jina kirkii linahifadhi uhusiano kati ya balozi na makumbusho. Jina kima punju linahifadhi maoni ya wakulima: punju ni neno la sumu na madhara, na jina hilo linakwenda pamoja na imani kwamba mnyama huyu huiharibu miti anayokula. Wahifadhi wa wanyama hawalipendi jina hilo, na wana sababu zao. Lakini ndani yake mna ushahidi wa mgogoro wa zamani kati ya shamba na msitu, ushahidi ambao kirkii haikuweza kuubeba. Kamusi inayofasili kima punju kwa kusema ni aina ya kima imeutupa ushahidi huo bila hata kuuona.

6.0 Mashaka Matatu

Kuzidai karatasi hizi kuwa matini zetu hakuna maana ya kuziamini. Tunaona mashaka matatu ambayo kila msomaji wake lazima ayakabili.

Shaka la kwanza linahusu swali lililoulizwa. Jina hutegemea kiwango ambacho muulizaji na mjibuji wamesimama. Katika Kiswahili sanifu cha leo mikoko ni jina la jumla la miti yote ya ufukoni inayoota majini. Kwa mkata boriti, mkoko ni Rhizophora mucronata, tofauti na mkandaa (Ceriops tagal), msinzi au muia (Bruguiera gymnorrhiza), mchu (Avicennia marina) na mkomafi (Xylocarpus granatum). Mgeni akinyoosha kidole kuelekea mkandaa na kuuliza huu ni mti gani, anaweza kujibiwa mkoko na mtu anayeijua tofauti vizuri kabisa, kwa kuwa ameona kwamba mgeni hahitaji zaidi. Jibu la namna hiyo ni sahihi kipragmatiki na linapotosha kileksikografia. Na muulizaji akiwa balozi au bwana mkubwa wa wilaya, mjibuji ana sababu nyingine za kufupisha maneno. Mti uliokuwa dawa, au mpaka wa shamba la mtu, haukuwa lazima uelezwe wote mbele ya serikali.

Shaka la pili ni la sikio na tahajia. Wareno waliandika Quiloa, Wajerumani wakaandika Suaheli, na kila mkusanyaji aliandika kwa mazoea ya lugha yake. Herufi z ya Mjerumani huwakilisha sauti ts, na s yake mbele ya irabu husikika kama z yetu. J yake ni y yetu, na w yake huelekea v. Tofauti za sauti za meno na za ufizi katika Kimvita na Kiamu hazikusikika kabisa katika masikio mengi. Kisha kuna lahaja zenyewe. Samaki anayeitwa tasi upande wa kusini huitwa tafi Mombasa, kama vile mwizi wa Unguja alivyo mwivi wa Mvita. Asiyejua ulinganifu huo ataandika samaki wawili, na asiyezingatia mahali palipoandikwa kwenye lebo atadhani mmoja wao ni kosa la kalamu.

Shaka la tatu ni la lugha ya mjibuji. Misafara ilijaa Wanyamwezi, Wayao, Wazaramo na Wadigo ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kazi. Jina lililoandikwa kama la Kiswahili linaweza kuwa la Kizaramo au la Kishambaa lililotamkwa katika sentensi ya Kiswahili. Wapo watakaosema kwamba hili linaifanya karatasi isifae. Sisi tunaona kinyume chake. Kiswahili chenyewe kilijengwa kwa mikutano ya namna hiyo, na lebo yenye tarehe na mahali ni mojawapo ya sehemu chache ambapo tunaweza kulikuta neno likiwa njiani, kabla halijahesabiwa kuwa la Kiswahili au kusahauliwa.

Kuna pingamizi la nne, ambalo si shaka juu ya ushahidi bali juu ya kazi yenyewe: kwa nini twende Kew ilhali wazee wapo Pangani, Lamu na Makunduchi? Jibu ni kwamba kazi hizi mbili haziwezi kutenganishwa. Mzee anatupa matumizi yaliyo hai, maana ya ziada, mahali pa jina katika mfumo wa majina mengine. Karatasi inatupa kina cha wakati. Mzee akitaja jina ambalo lebo ya miaka 140 iliyopita inalitaja kwa mti uleule, tumepata uthabiti. Akilitaja kwa mti mwingine, tumepata badiliko la maana lenye tarehe. Bila mzee, karatasi ni bubu. Bila karatasi, mtafiti wa mofolojia na semantiki ya kihistoria anabaki na kubahatisha.

7.0 Mfano wa Sacleux

Kwamba kazi hii inawezekana kunathibitishwa na mtu mmoja aliyekwisha kuifanya. Charles Sacleux, padri wa shirika la Roho Mtakatifu, alifika Unguja mwaka 1879 na kurudi Ufaransa mwaka 1898. Katika muda huo alikusanya mimea ya Unguja, Bagamoyo na kwingineko, na vielelezo vyake vikapelekwa katika makumbusho ya viumbe ya Paris. Wakati huohuo alikusanya lahaja. Sarufi yake ya lahaja za Kiswahili ilitoka mwaka 1909, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikatoka kwa sehemu mbili, mwaka 1939 na 1941.

Wengi huisifu kamusi hiyo kwa upana wake. Sifa yake ya msingi, kwa maoni yetu, ni kwamba mwandishi wake alikuwa na mazoea ya hebaria. Aliichukulia kila lahaja kama mkusanyaji anavyochukulia mahali: jambo la lazima kuandikwa, kwa sababu bila hilo kielelezo hakina thamani. Akitaja mmea hutoa jina la kisayansi kila awezapo, na hutaja lahaja zinazolitumia jina hilo. Kwa hiyo vitomeo vyake vya mimea vinaweza kukaguliwa: mtu anaweza kutoka kwenye neno akafika kwenye kielelezo. Inashangaza kwamba katika mwaka uleule wa 1939 ilitoka kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson, ambayo ndiyo iliyokuwa mama wa kamusi zetu nyingi. Tulirithi usanifishaji wa upande huo. Mazoea ya Sacleux hatukuyarithi, pengine kwa sababu yaliandikwa kwa Kifaransa, na pengine kwa sababu usanifishaji wenyewe ulihitaji kufuta mahali.

Sacleux naye hakuwa na kinga dhidi ya makosa ya wenzake. Katika kamusi yake tunakutana na lahaja, hatukutani na watu. Kwa upande wa neno na kitu ametufikisha mbali. Kwa upande wa aliyejibu ametuacha palepale alipotuacha Kirk. Kazi iliyobaki ni yetu, na ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kileksikografia: kulinganisha majina ya lebo, ya Greenway na ya Sacleux na matumizi ya leo, kisha kuingiza katika kamusi fasili zinazotaja mti upi, wapi, na kwa lahaja gani. Ya pili ni ya kihakiki: kupekua barua na hesabu za misafara, mahali ambapo mishahara iliandikwa hata pale ujuzi ulipofichwa, ili pale panapowezekana majina ya waliojibu yarudishwe kando ya majina waliyoyatoa.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba karatasi za wakusanyaji wa viumbe wa pwani zina Kiswahili ndani yake, na kwamba Kiswahili hicho kina hoja. Uainishaji wa sandarusi ulitangulia uthibitisho wake. Kima punju alibeba historia ambayo kirkii haikuibeba. Na jina la changu linatukumbusha kwamba sayansi ingeweza kusikiliza, kwa kuwa ilikwisha kusikiliza kwingine. Mashaka tuliyoyataja hayaondoi thamani ya karatasi hizi. Yanaeleza tu ni msomaji wa aina gani anayehitajika: anayejua lahaja, anayejua tahajia za wageni, na anayeuliza swali liliulizwaje.

Msomaji huyo hatatoka katika idara za botania. Picha za vielelezo vingi sasa zinapatikana kwa mtandao, na mwanafunzi wa uzamili wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar anaweza kuisoma lebo ya Hildebrandt bila kupanda ndege. Kinachokosekana ni imani kwamba neno moja la wino kwenye pembe ya karatasi ya mmea mkavu ni matini inayomhusu. Hadi imani hiyo ipatikane, tutaendelea kuchapisha kamusi zinazomwambia mtoto wa mvuvi kwamba changu ni aina ya samaki, na mtoto wa mvuvi ataendelea kuzifunga, kwa kuwa anajua zaidi yake.